Kabla droni haijaruka: mambo ya kuzingatia ukiwa Dar es Salaam

Karatasi kwanza. Kibali cha kurusha droni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Kwa hiyo kamati ya harusi ikikupigia Alhamisi ikitaka picha za juu Jumamosi, waambie ukweli mapema. Sikai sana hapo, maana kibali chenyewe hakizuii mgongano.

Jiulize nani mwingine yuko angani. Barabara ya kurukia ndege ya uwanja wa Julius Nyerere inaitwa 05/23 kwa sababu imelala kwenye nyuzi kama 50 upande mmoja na 230 upande wa pili. Chukua ramani, uvute mstari huo kuelekea mjini: unapita Vingunguti na Buguruni. Ukiwa Buguruni huuoni uwanja, lakini ndege zinakupita juu zikiwa zimeshusha magurudumu. Hapo usirushe kabla waongozaji wa ndege hawajajua na kukubali. Oktoba 2017, karibu na jiji la Quebec nchini Kanada, droni iligonga bawa la ndege ndogo ya abiria ikienda kutua, lakini ndege ikatua salama. Januari 2025 huko Los Angeles, droni ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto, ndege hiyo ikabaki chini siku kadhaa huku moto unawaka. Helikopta ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haina mstari. Ukiisikia tu, shusha, usisubiri kuiona.

Suala la urefu watu wengi wanalipuuza. Nchi nyingi zimeweka ukomo wa mita 120 kutoka ardhini. Pale Posta, jengo la Mamlaka ya Bandari linapita mita 150, maana yake droni inayotii sheria iko chini ya paa la jirani yake. Sasa fikiria umeiwekea irudi yenyewe ikipoteza mawasiliano, ikiwa mita 60. Itageuka na kunyoosha moja kwa moja kuelekea ulipo, na ghorofa likiwa katikati, vihisi vyake visipoliona kwa wakati itajipigiza kwenye vioo. Wenye akili hupanga njia ya kurudi kwa jicho kwanza, ndipo wanaweka namba ya urefu wa kurudia. Na namba ile kwa kawaida huhesabiwa kutoka uliporukia: ukiwa juu ya paa la ghorofa ya 10, skrini ikisoma 100 umeshavuka 120 bila kujua. Paa lenyewe lina nondo, na nondo huvuruga dira. Mimi napendelea kurukia uwanjani, hata kama kutembea ni mbali.

Mkiwa warushaji wawili kwenye shughuli moja, jambo la kawaida siku hizi Mbezi Beach, ongeeni kabla. Mmoja achukue mita 40, mwenzake 70, na kila mtu awe na upande wake wa kupandia na kushukia. Msipunguze ile nafasi, kwa sababu kipimo cha urefu hutegemea mgandamizo wa hewa nacho huteleza kadiri hewa inavyobadilika. Rimoti zenu pia huenda zinagombea masafa yaleyale ya redio, gigahezi 2.4, pamoja na Wi-Fi ya ukumbi.

Kunguru je? Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hawana adabu kabisa. Wakianza kuizunguka droni, ondoka taratibu, usishindane nao.

Upepo wa kusi unadanganya: chini miti imetulia, juu ya maghorofa unasukuma. Anza safari kwa kwenda kinyume chake, ili urudi unasukumwa wakati betri imechoka. Mimi nageuza ikifika asilimia 40, wala sioni haya kuonekana mwoga.

Kariakoo hakuna pa kuangukia. Mitaa imejaa watu na mikokoteni, kwa hiyo kama huwezi kunyoosha kidole mahali patupu pa dharura, rudisha droni mkobani.

Mwisho ni mwangalizi. Wewe macho yako skrini, yeye macho yake juu, na asiwe yule anayerekodi TikToku. Kubalianeni neno moja kabla ya kuwasha mota. Akisema "Shusha!", unashusha, sababu atakueleza mapanga ya droni yakishasimama.