Kipato Kikubwa, Mtoto Anahama Chuo: Namna ya Kutafuta Msaada wa Masomo Marekani

Simu ninazopokea kila Machi zinafanana. Mama ni muuguzi anayebeba ovataimu, baba ana malori mawili barabarani, na kwenye fomu ya kodi wameandika dola 210,000. Mtoto anakaribia kumaliza miaka miwili kwenye chuo cha jamii hapa Texas, GPA yake (wastani wa alama) 3.7, na anataka kuhamia chuo kikuu. FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, wamejaza, majibu yamerudi: hakuna ruzuku. "Kaka, kwani sisi matajiri?"

Kwa hesabu ya serikali, ndiyo. Familia ya watu wanne yenye kipato hicho inaweza kupata namba ya SAI, yaani makadirio ya uwezo wa familia kuchangia masomo kwa mwaka, inayovuka 40,000, wakati mwaka mzima kwenye chuo cha umma cha jimbo lako unaweza kugharimu chini ya hapo. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo (dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26, kiwango cha juu kabisa) msiisubiri. Hela yenu iko kwenye uchaguzi wa chuo na kwenye krediti, yaani pointi za masomo ambayo mtoto ameshafaulu. Nimeshauri familia za namna hii kwa miaka mingi, na utaratibu ninaowapa ni huu.

Hatua ya 1: Jaza FAFSA hata hivyo

Kwa kawaida fomu hufunguliwa 1 Oktoba. Unaweza kuweka hadi vyuo 20, na kama mlishajaza kwa ajili ya chuo cha sasa, ongezeni tu msimbo wa chuo kipya. Sababu ya kujaza ni mkopo wa serikali usioangalia uhitaji, na pia vyuo vingi havitoi hata ufadhili wa ufaulu bila kuiona fomu hiyo.

Fomu hutazama kodi ya miaka miwili nyuma. Ya 2026–27 inasoma kodi ya 2024. Kama mwaka huo mama alifanya kazi usiku na mchana na sasa amepumzika, wekeni hilo akilini mpaka hatua ya 5.

Mzazi asiye na namba ya Social Security naye anaweza kufungua akaunti na kusaini. Kinachoangaliwa ni uhalali wa mwanafunzi mwenyewe: raia, mwenye green card, mkimbizi na wachache wengine. Na kijana chini ya miaka 24 ambaye hajaoa wala hana sababu nyingine maalumu huhesabiwa yuko chini ya wazazi, hata kama baba amekataa katakata kutoa senti. Nimeshaulizwa mara nyingi kama akihamia kwa shangazi itasaidia. Haisaidii.

Hatua ya 2: Kiwanja cha Kigamboni

Hapa ndipo watu wetu wenye mali Afrika Mashariki wanaponinong'oneza. Nyumba mnayoishi haihesabiwi kwenye FAFSA, wala akiba ya kustaafu. Lakini kiwanja cha Kigamboni, nyumba ya kupangisha Kitengela, fremu za maduka Arusha, vyote ni mali na vinaandikwa kwa thamani ya soko ya leo, ukitoa deni lililopo juu yake, kisha ukageuza kuwa dola. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hii adhabu yake ni faini ya hadi dola 20,000, au kifungo, au vyote viwili. Shamba la ukoo ambalo jina lako halimo si lako kwa hesabu hii. Mkiwa mnamiliki na ndugu, andika fungu lako.

Kabla ya kuogopa, piga hesabu. Mali ya mzazi huongeza SAI kwa asilimia 5.64 ya thamani yake, hicho ndicho kiwango cha juu. Kiwanja cha dola 60,000 kinaongeza kama dola 3,384, na kwa familia ambayo SAI yake tayari iko juu, hakibadilishi kitu. Kwa hiyo mnaficha nini?

Hatari iko kwingine. Wazazi wetu hupenda kumwandikia mtoto kiwanja kwa jina lake, kama urithi wa mapema. Mali ya mwanafunzi huhesabiwa asilimia 20, na kiwanja kilekile sasa kinaongeza dola 12,000. Hati iliyoandikwa kwa upendo inaweza kumnyima mtoto msaada.

Hatua ya 3: Chagua chuo kinachonunua wanafunzi

Vyuo vya Ivy League, vile vinane maarufu vya kaskazini-mashariki kama Harvard, havitoi ufadhili wa ufaulu. Vinatazama uhitaji tu. Ni kweli Harvard imetangaza kwamba kuanzia 2025–26 familia yenye kipato cha hadi dola 200,000 na mali za kawaida haitalipa ada ya masomo, ila wanafunzi wa kuhamia huko hupokelewa wachache mno. Ombeni mkitaka, lakini msijenge mpango juu yake.

Mpango wa kweli uko kwenye vyuo vinavyotoa punguzo kwa alama. Tafuteni waraka uitwao Common Data Set kwenye tovuti ya chuo. Sehemu D inaonyesha wangapi waliomba kuhamia na wangapi walikubaliwa. Sehemu H2A inaonyesha wanafunzi wasio na uhitaji waliopewa fedha, na wastani wa kiasi. Linganisha safu ya wanafunzi wapya na safu ya wanafunzi wote: kama hela zote zimeishia kwa wapya, anayehama kutoka chuo kingine atapata makombo. Kikokotoo cha gharama kilichoko kwenye tovuti ya kila chuo nacho kimetengenezwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, basi usikiamini sana.

Mtoto akialikwa Phi Theta Kappa, ile jumuiya ya wanafunzi bora wa vyuo vya miaka miwili, ajiunge. Vyuo vikuu vingi vina ufadhili uliotengwa kwa wanachama wake, na vingi haviulizi kipato cha baba. Mkiwa majimbo ya magharibi kama Washington au Arizona, ulizieni mpango wa WUE, ambapo mtu wa jimbo jingine halipi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Kila chuo kinaamua kama wanaohama kutoka chuo kingine wamo. Na kwa anayetoka nje kuja Texas: ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kwenye chuo cha umma unaweza kumruhusu kulipa ada ya mkazi. Kahela kadogo, punguzo kubwa.

Hatua ya 4: Krediti kabla ya sherehe

Ofisi ya uhasibu ya serikali kuu, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanaohama hupoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Kijana aje na silabasi ya kila somo, aombe tathmini ya maandishi, na aulize swali hili: je, zimepokelewa kuelekea shahada yangu, au zimepokelewa kama masomo ya ziada tu? Tofauti hiyo inaweza kuwa mwaka mzima wa ada.

Krediti pia zinapanga mkopo. Mwanafunzi aliye chini ya wazazi hukopa dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na kuendelea, jumla isizidi 31,000. Chuo kipya kikimhesabu bado yuko mwaka wa pili, anakopa kwa kiwango cha mwaka wa pili. Na aliyekopa miaka yote minne kwa ukamilifu ameshatumia 27,000. Mwaka wa tano amebakiza 4,000.

Hatua ya 5: Barua kwa ofisi ya misaada

Afisa wa misaada ana mamlaka kisheria ya kurekebisha hesabu kwa familia mojamoja: kazi imepotea, ovataimu imekwisha, bili za hospitali. Ukurasa mmoja unatosha, wenye tarehe, namba na vielelezo. Akikataa, hakuna pa kukata rufaa wizarani, kwa hiyo andikeni kwa adabu.

Pesa mnayomtumia bibi kijijini FAFSA haiijui, maana haishi nanyi. Lakini vyuo vinavyotumia CSS Profile, fomu nyingine ya msaada inayotumiwa zaidi na vyuo binafsi (dola 25 kwa chuo cha kwanza, 16 kwa kila kinachofuata) vina nafasi ya kueleza hali maalumu. Wekeni risiti za mwaka mzima. Niliwahi kukaa na baba aliyekuwa akisomesha wapwa wanne na hana hata risiti moja, alibaki kuapa.

Hatua ya 6: Barua ya ofa ikija

Toeni mikopo pembeni kwanza, kisha linganisheni kinachobaki. Mkopo wa Parent PLUS, ule wa serikali anaouchukua mzazi, kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, una kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Nafuu ya kodi kwa gharama za chuo, ya hadi dola 2,500, nayo huisha kabisa kwa wanandoa ambao kipato chao kinavuka 180,000, basi msiiweke kwenye hesabu.

Anayehama katikati ya mwaka afute mkopo uliobaki chuo cha zamani, kwa sababu vyuo viwili haviwezi kumlipa kwa kipindi kimoja. Na kabla ya kusaini, mpigie afisa simu umuulize ufadhili unadumu mihula mingapi, na GPA ipi ikishuka unaondolewa. Mwambie akuandikie kwa barua pepe.