Jinsi ya kupima thamani ya nyumba ya kupangisha iliyo karibu na kituo cha mwendokasi

Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Dar es Salaam, ni nadra kukuta tangazo la nyumba ya kando ya Barabara ya Morogoro lisilotaja “karibu na kituo”. Maneno hayo mnunuzi huyalipia, kwa hiyo ni vyema ayapime kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya kwanza: tembea mwenyewe. Nenda saa kumi na moja alfajiri, wapangaji wanapotoka kwenda kazini, uhesabu dakika kuanzia mlangoni hadi dirisha la tiketi. Nyumba moja niliyoikagua Kimara, dalali aliniambia ni dakika tano. Kumbe katikati palikuwa na korongo lisilo na kivuko, nikazunguka na kufika baada ya dakika kumi na tisa, viatu vimejaa tope.

Hatua ya pili: geuza umbali kuwa shilingi. Uliza nauli ya bodaboda kutoka nyumba ya mbali hadi kituoni. Tuseme ni shilingi 1,000: kwenda na kurudi kwa siku 26 ni shilingi 52,000 kwa mwezi, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mpangaji anaweza kukuongezea kwenye kodi bila kupata hasara. Kwa mwaka ni shilingi 624,000. Ikiwa unataka faida ya asilimia 7 kwa mwaka, ukaribu huo unastahili nyongeza ya takriban shilingi milioni 8.9 katika bei ya nyumba. Muuzaji anayedai milioni 20 anakuuzia sifa ya mtaa. Mimi hushuka chini zaidi ya hapo, kwa sababu mpangaji naye hutaka kubakiwa na kitu.

Hatua ya tatu: kagua hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na kati ya Kimara na Kibaha, ambako hifadhi ni pana zaidi, nyumba nyingi zilibomolewa mwaka 2017. Fanya upekuzi wa hati, ulizia TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, kisha tazama kuta. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mbichi ilhali nyumba nzima imechakaa, waulize majirani kama hapo hapakuwa na alama ya X, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa.

Hatua ya nne: lipia basi linalosimama leo. Barabara ya mwendokasi ya Mbagala ilikamilika muda mrefu kabla ya mabasi kuanza, na aliyenunua kwa mkopo alilipa riba kipindi chote hicho.