Kuanguka na patini (viatu vya magurudumu) hapa Goma: someni kabla ya kuniuliza

Kila wiki naulizwa mkono uliovimba ufanyweje. Naandika mara hii moja.

1. Vaa kofia ngumu na kinga za mikono, viwiko na magoti.

2. Angalia kama breki ya kisigino haijalika.

3. Toka Jumapili alfajiri, moto (pikipiki) hazijajaa. Kaa mbali na ukingo wa lami, ndiko changarawe ya volkano inajikusanya. Kokoto moja inatosha kuzuia gurudumu.

4. Ukiona unaanguka, kunja magoti uende mbele: magoti, viwiko, halafu viganja viteleze.

5. Mkono ukiuma. Hapa ndipo nilipokosea. Nilianguka kinyumenyume karibu na Rond-point Tchukudu, bila kinga, nikajizuia kwa kiganja. Uvimbe ulikuwa mdogo na vidole vilicheza, nikasema nimeteguka tu. Nikakandwa mafuta majuma matatu. Kumbe kifupa kilicho chini ya kidole gumba kilikuwa kimevunjika! Kifupa hicho hupata damu kidogo. Kisipotulizwa, kipande chake kinaweza kufa. Mpaka leo siwezi kujiinua kwa kiganja hicho. Kwa hiyo inua kidole gumba, bonyeza kishimo kinachotokea chini yake. Kikiuma, USIKANDWE. Funga mkono kwa kibao, ukapigwe picha ya mifupa. Picha ya kwanza inaweza isionyeshe ufa: baki umefungwa, rudia baada ya siku 10 hadi 14.

Kijana wa Birere: Mkubwa, nimeanguka, mkono unauma. Nifanye nini?

— Hatua ya 5.

Kijana wa Birere: Ni ndefu. Mafuta ya moto je?

— Hapana. Mkono ni wako, soma.

Mama Furaha: Mtoto wangu ana miaka 9. Pesa ni kidogo, nianze na kinga gani?

— Asante kuuliza mapema, mama. Kofia na za mikono. Utafiti wa Marekani wa 1996 ulikuta hatari ya kuumia kifundo cha mkono ni kama mara 10 kwa asiyevaa kinga za mikono. Za mitumba zinafaa, ila kunja ile plastiki ya kiganjani uone kama haina ufa.

Motari (dereva wa moto): Vijana wananing'inia nyuma ya moto yangu.

— Simama, washushe. Ukifunga breki ghafla, wao hawatawahi kufunga yao.

Mtu wa Himbi: Mchubuko wenye vumbi jeusi?

— Maji safi mengi na sabuni, sugua taratibu mpaka weusi wote utoke. Ngozi ikifunga juu yake, alama haitoki tena. Na uulizie sindano ya pepopunda.

Mtu wa Himbi: Na vumbi hilo kwenye beringi?

— Zifungue, zipanguse, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Usizioshe kwa maji, zitashika kutu.