SOMO: Sindano ya insulini kabla ya chakula, hatua kwa hatua

Asalaam aleikum wote. Wiki hii peke yake watu watano wameniuliza swali lile lile: nichome kabla ya kula au baada? Nikimjibu huyu, kesho anakuja mwingine. Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa kisukari, nakaa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa 11 nachoma insulini. Somo ni la ile ya muda mfupi, iliyo safi kama maji, inayochomwa kwa ajili ya mlo. Idadi ya yuniti hutaipata hapa. Iko kwenye kadi yako ya kliniki.

1. Nawa mikono kwa sabuni, kausha.

2. Pima sukari, andika kwenye daftari. Ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita), usichome. Tibu kwanza huko kushuka.

3. Tazama chupa kwenye mwanga. Ile safi ikiwa na ukungu au chembechembe, tupa. Chupa nyingi zikishafunguliwa ni siku 28, basi siku ya kufungua andika tarehe kwa kalamu hapo hapo kwenye lebo.

4. Kama unachanganya na ile ya rangi ya maziwa, iviringishe taratibu kati ya viganja, usiitikise. Ingiza hewa kwenye zote mbili, kisha vuta safi kwanza, ya maziwa baadaye. Chupa ya yuniti 100 kwa mililita inataka bomba la yuniti 100. Bomba jingine litakudanganya kipimo.

5. Gonga bomba mapovu yapande, yatoe.

6. Muda. Hapa nakaa, maana hapa ndipo nilipoumia.

Insulini hii huchomwa dakika 30 hivi kabla ya kula. Inachukua kama nusu saa kuanza kazi, inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa 2 na saa 4 tangu kuchoma, kisha inafifia. Nilifundishwa hivyo, nikakariri. Nilichokosa kuelewa ni kwamba ukishachoma huwezi kuirudisha.

Mwaka wangu wa pili wa kuchoma nilikwenda Pangani kwenye khitma ya shangazi. Nikasikia masinia yanagongana uani, harufu ya pilau imeshafika barazani, nikajua chakula tayari. Nikaingia chumbani, nikachoma yuniti zangu zote. Kumbe wanaume walikuwa bado wanasoma, na masinia ya kwanza yalikuwa yao. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima. Mbele yangu alikaa mama amejitanda kanga, na mimi nina mazoea ya kusoma maneno ya kanga. Nikasoma neno la kwanza, la pili likanikataa. Herufi naziona moja moja, hazishikani kuwa neno. Jasho likanitoka juu ya mdomo, vidole vikatetemeka, nikamfokea mtoto aliyenigusa bega tu. Hata hasira ile ilikuwa dalili, nami sikuijua. Binti mmoja wa jirani akanitazama usoni, akasema, "Dada, umebadilika," akakimbilia soda. Walipopima, sukari ilikuwa 2.6.

Tangu siku ile sishiki sindano mpaka nimekiona chakula changu kwa macho. Harufu haitoshi. "Tunapakua sasa hivi" haitoshi. Nyumbani nachoma wali ukiwa umepaliwa makaa na mchuzi umeiva. Kwenye shughuli, hotelini au safarini nabeba sindano yangu na nangoja sahani iwe mbele yangu. Hapo sukari itapanda kidogo baada ya kula, na afadhali kidogo hicho kuliko kuanguka mbele za watu. Muulize daktari wako akupangie ufanyeje siku za namna hiyo.

ANGALIA: ukichoma kisha chakula kikachelewa, usingoje dalili. Kula chochote chenye wanga, iwe ndizi, mkate au muhogo.

ANGALIA tena: sukari ikishuka chini ya 4, kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari, au koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15, pima, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula chakula. Kashata na halua si za kazi hii, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia damuni.

ANGALIA kwa wa nyumbani: aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

7. Choma tumboni, vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni. Hesabu mpaka 10 kabla ya kuchomoa. Kesho hama. Ukichoma pale pale kila siku panaota uvimbe laini, na dawa ikiingia humo hainyonywi sawasawa.

8. Kula. Saa 2 baada ya kuanza kula pima tena. Watu wazima wengi huambiwa isizidi 10.

Maswali karibuni.

MwanaMakorora: Dada, mama sukari yake 18, achome yuniti ngapi? Jibu haraka tafadhali.

Mwandishi: Sitaji. Nimesema juu iko kwenye kadi. Kama anatapika, anahema kwa kasi, au pumzi ina harufu ya matunda yaliyoiva sana, acha simu umpeleke hospitali sasa hivi.

MwanaMakorora: Si ungenisaidia tu makadirio?

Mwandishi: Yuniti 6 zangu zinaweza kumwangusha mama yako. Kukataa ndio msaada wenyewe. Mpo hospitali?

MwanaMakorora: Tuko njiani.

Kijana wa Chumbageni: Mbona rafiki yangu anachoma akishakaa mezani na sukari yake nzuri? Naona unatutisha bure.

Mwandishi: Soma chupa yake. Huenda ni lispro au aspart, insulini za aina nyingine, hizo huanza kazi ndani ya dakika 15 hivi. Mimi nimeandika juu ya ile ambayo wengi wetu tunapewa. Na simtishi mtu, nimeeleza yaliyonipata.

Bint Muheza: Asante kwa somo. Naomba kuelewa, kwa nini hiyo yetu ichelewe nusu saa na hiyo lispro iwahi? Si zote insulini?

Mwandishi: Swali zuri, mdogo wangu, kaa nikueleze. Kongosho lenye afya humwaga insulini moja kwa moja kwenye damu. Sisi tunaiweka kwenye mafuta chini ya ngozi, nayo ndani ya chupa imeshikana sita sita, kama watu waliokumbatiana mlangoni. Kundi haliwezi kupenya ukuta wa mshipa mwembamba. Mpaka waachane ndipo wapite, na kule kuachana ndiyo nusu saa yako. Lispro imebadilishwa kidogo tu, viungo viwili kwenye mnyororo wake vimepishana nafasi, basi wakifika chini ya ngozi wanaachiana upesi. Ilianza kuuzwa mwaka 1996. Insulini yenyewe mtu wa kwanza kuchomwa ilikuwa Januari 1922 kule Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa anasubiriwa kufa.

Bint Muheza: SubhanAllah. Na wali wa nazi? Saa 2 baada ya kula napima 8, nafurahi, usiku wa manane nakuta 14.

Mwandishi: Tui hilo. Mafuta yanachelewesha tumbo kutoa chakula, wanga unaingia damuni wakati sindano yako inaishia. Pilau na chapati za mafuta nazo ni hivyo. Usiongeze dawa kwa kubuni. Pima saa 2 na saa 4 baada ya kula kwa siku chache, andika na ulichokula, daftari hilo lipeleke kliniki. Mimi nilibadilishiwa mpango kwa ajili ya daftari.

Kidume wa Tanga: Mashine yangu imesoma 110!! Nitapona kweli?

Mwandishi: Yako inasoma kwa miligramu. Gawa kwa 18, ni 6.1. Uko salama.

Mama wa Wawili: Mwanangu alikula embe, nikampima, 19. Nikamnawisha nikapima tena, 7. Mashine mbovu?

Mwandishi: Nzima. Ulipima maji ya embe kidoleni. Hongera kwa kurudia kabla ya kuchoma, mama, wengi wangechoma. Ndiyo maana hatua ya 1.

Mzee wa Deep Sea: Mimi mvuvi, natoka alfajiri na dawa yangu. Barafu ya samaki iko, niifukie humo?

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Usiifukie. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, isuuze kwa maji baridi, ikaushe, dawa iweke ndani imefungwa kitambaa, na uiweke kivulini chomboni. Tena mzee, kuvuta nyavu kunashusha sukari, wakati mwingine hata usiku wake. Mweleze daktari saa zako za kazi, na sukari ya kulamba iwe mfukoni, isikae nchi kavu.

Mzee wa Deep Sea: Marahaba mwanangu. Na nyumbani sina friji. Mtungi wafaa?

Mwandishi: Wafaa kwa ile unayoitumia. Mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga wa maji, dawa kwenye kopo kavu lenye mfuniko, juu kitambaa kibichi. Ila hewa yetu ya pwani ina unyevunyevu, mtungi haupoi kama wa bara, na masika ndiyo kabisa. Uweke pembeni ya mlango unaopitisha upepo wa bahari, mchanga uumwagie maji asubuhi na jioni. Zile ambazo hujafungua omba jirani mwenye friji akuwekee, mbali na sehemu ya barafu.