Namna ya kusahihisha TFC na biki nyekundu

Kama unasomea mwenzako TFC (travail de fin de cycle, kazi ya kuandika ya kumaliza masomo ya chuo) hapa Bukavu, tafazali usichore-chore mistari hovyo, ju mutu wa sekretaria mwenye ataingiza masahihisho mu mashini hatajua ulitaka nini, na mutaprinti tena na tena.

Kitu ya kwanza kabisa: kila kosa inapata alama mbili, moja ndani ya neno na ingine pembeni mu marji, ju mwenye kutengeneza anashusha macho kwa marji tu, hana wakati ya kusoma yote.

Neno "kitaabu": piga kamstari ka kusimama ju ya a moja, pembeni uchore deleatur, ile alama inafanana na d yenye mukia imejizungusha. Ni Kilatini, maana yake "ifutwe". "Mwalmu" nayo imekosa herufi, weka kakofia (^) kati ya l na m, pembeni andika i. "Habrai" uzungushe mustari kama S, upite ju ya r na chini ya a, zibadilishane nafasi. "bukavu" na b ndogo? Mistari tatu chini ya b.

Yenye minapenda sana ni nukta. Umefuta neno, kisha unaona ilikuwa sawa, basi weka nukta-nukta chini yake, ufute pia ile alama ya pembeni, neno inabaki vile ilikuwa.

Na usome kwa sauti, mustari kwa mustari, rula chini yake.