Jinsi ya kujenga mnara mrefu kadiri matofali yako ya kuchezea yanavyoruhusu

Wengi hudhani mnara huanguka kwa sababu tofali la chini limeelemewa. Sivyo. Mwaka 2012 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliweka tofali la LEGO lenye vinundu (vile vidoto vya juu vinavyoshikana) 2 kwa 2 kwenye mashine ya kukandamiza, likahimili takriban kilo 430. Kinachoangusha mnara ni kuinama.

1. Sakafu. Iwe ngumu. Zulia hapana.

2. Matofali. Tumia ya vinundu 2 kwa 4, ya kampuni moja tu. Ukichanganya, vimo hutofautiana kidogo na kozi, yaani safu za matofali, hazikai sawa.

3. Kozi. Panga manne kuzunguka tundu, upate mraba wa vinundu 6 kwa 6. Kozi inayofuata igeuze mwelekeo wa mzunguko, ili kila kiungo kifunikwe na tofali zima. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, kwa hiyo mita moja ni kozi 104 hivi, yaani matofali 416. Usijaze tundu, matofali hayo yapanulie msingi.

4. Kunyoosha. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mraba huu una upana wa sentimita 4.8 tu. Kozi moja ikiacha mwanya wa milimita 1 upande mmoja, mnara unahama sentimita 2 kwa kila mita iliyo juu yake. Jenga vipande vya kozi 30 mezani, ukibonyeza kona moja baada ya nyingine. Kisha simamisha kipande juu ya tochi ya simu, mwanga uingie tunduni, na uzime taa ya chumba. Panapopenya mstari mwembamba wa mwanga, bonyeza tena. Kama bado unapenya, toa tofali hilo, hata kama ni la kozi ya tatu. Usijaribu kamwe kurekebisha kwa kuinamisha kozi za juu upande wa pili. Utapata mnara uliopinda mara mbili. Wakati wa kuunganisha vipande, mwenzako akumbatie cha chini kwa mikono miwili. Kagua kwa timazi, yaani uzi na nati, kwenye pande mbili zinazopakana, maana upande mmoja unaweza kunyooka huku mwingine umelala. Pima maji siipendi kwa kazi hii: uso ni mwembamba mno.

5. Kilele. Punguza upana hadi tofali mojamoja. Ngazi apande mtu mzima. Zima feni, funga madirisha, ndipo upime.