SOMO: Bustani ya shule isiyo na foleni

Walimu wenzangu, picha hii mnaijua. Kipindi cha bustani, watoto 48, majembe sita. Sita wanalima, wengine wako chini ya mwembe wanasubiri zamu, na kengele inalia zamu haijafika. Nimefundisha hivyo miaka miwili nikijisifu kwamba watoto wangu wanafanya mazoezi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazofanya mapigo ya moyo yaende mbio. Kusimama mwembeni hakumo.

Hatua ya 1. Tuta liwe na upana wa mita moja, ili mtoto afike katikati kwa mkono bila kulikanyaga. Urefu mita 10. Wapime wenyewe kwa hatua kwanza, kisha kwa rula. Watabishana, na hapo hesabu umeshafundisha.

Hatua ya 2. Maji yakae mbali. Najua shule nyingine zina mpira wa kumwagilia. Ukunje, uweke stoo. Jasho lote liko kwenye kuchota. Ila ndoo ya lita 20 ina kilo 20, karibu uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo hapana. Tumia madumu ya lita 3, moja kila mkono, mgongo usipinde upande. Kijana mmoja wa darasa la tano aliniomba msumari, akatoboa kizibo cha dumu matundu kama kumi. Alipoliinamisha, maji yakashuka kama manyunyu na miche haikulala. Tangu hapo keni hatununui.

Hatua ya 3. Vituo vinne, watoto 12 kila kimoja: kulima, kubeba samadi kwa karai, kumwagilia, kupalilia. Kwenye kulima, wawili kwa jembe moja; mmoja anapiga jembe mara ishirini, anampokeza mwenzake. Nafasi kati ya jembe na jembe iwe mita mbili. Filimbi kila dakika saba, wanahama mbio. Dakika 28 zimekwisha. 12 zinazobaki ni za kuosha zana na kunawa kwa sabuni.

Hatua ya 4. Anza na mchicha. Wiki tatu au nne unachuma, kabla watoto hawajachoka kusubiri.

Hatua ya 5. Aliyechelewa mstarini asipelekwe kulima. Adhabu mtafutie nyingine.

MASWALI

Mzazi, Mbagala: Mwalimu, mwanangu ana pumu. Nimkataze?
Jibu: Usimkataze mama, ila uliza kliniki yake kwanza. Aje na dawa yake ya kuvuta, na umwambie mwalimu asimpange kwenye samadi kavu, ile ina vumbi. Kumwagilia kutamfaa.

Mwalimu, Mwanza: Uwanja wetu wote ni sakafu.
Jibu: Magunia. Simamisha katikati ya gunia kopo lililotolewa kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu kadiri unavyojaza. Nguzo ya kokoto itapeleka maji hadi chini. Toboa ubavuni, panda sukuma wiki. Udongo wabebe watoto, hiyo peke yake ni vipindi viwili.

Mwalimu, Singida: Basi bustani ikiwepo, kipindi cha michezo tukifute?
Jibu: Hapana! Palizi haina mbio. Ushauri uleule wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau siku tatu kwa wiki za shughuli za nguvu hasa. Rede na mpira vibaki.

Mzazi, Kibaha: Likizo ya Juni nani anamwagilia? Kwetu hukauka kila mwaka.
Jibu: Kwetu ni mama anayeuza maandazi getini. Anamwagilia, anachuma apendacho, tumeelewana hivyo. Mwaka jana tulirudi tukakuta kaongeza tuta la bamia.